Umekatwa Doo na Hujui Imeenda Wapi? Hii Ndio Njia ya Kuifuata, Kuanzia Kitengela Hadi Kajiado

Wacha tuanze na saa, juu kwa hii mambo saa ndio kila kitu. Ukiona meseji inasema umetuma doo kwa mtu humjui, ama kadi yako imekatwa dola tisa na kampuni hujawahi kuskia, usianze kwa kupost kwa status. Usianze pia kwa kumpigia beshte yako umwambie "maze nimechezwa." Pesa ya wizi haikai mahali. Inatoka kwa laini yako, inaingia ya pili, inagawanywa kwa zingine tatu, halafu kuna msee amesimama kwa ajenti anaitoa kesh. Ikishafika hapo kwa ajenti, hata Safaricom hawana kitu cha kushika. Kwa hivyo stori baadaye, kazi kwanza.

Na usidhani hii ni shida ya watu wa town. Hapa Kite kuna mbogi kubwa ya vijana wanaishi kwa laptop: wanaandika, wanatranskraibu, wanadizaini, wanalipwa dola wakiwa kwa bedsitter za Yukos na Noonkopir. Ukiteremka na Namanga Road, upite Isinya, ufike Kajiado town na soko la mifugo la Bissil, huko mbuzi na ng'ombe zinauzwa kwa M-Pesa kama vile wewe hununua smokie. Wakora wanajua hizi base zote mbili. Ni vile tu mlango wanaingilia si mmoja, na njia ya kurudisha doo pia si moja. Ndio maana swali la kwanza si "nani ameniibia?" Ni "imetoka aje?"

Kama ni wewe mwenyewe ulituma

Hii ndio rahisi kuliko zote, na bado watu huiharibu. Umekosea digiti moja, umetuma thao nne ya kodi kwa mtu yuko Kakamega. Chukua ile meseji ya M-Pesa, yote vile ilivyo, uifowadi kwa 456. Ama upige *334# ufuate menyu. Safaricom wanashikilia ile pesa kama haijatumika, halafu wanafuatilia. Usimpigie huyo mtu kwanza umbembeleze. Kuna watu wazuri, ndio, lakini kuna wengine ukishawaambia wana elfu nne zako, umewakumbusha waende kwa ajenti mbio.

Kama ulilipa kwa Till ya biashara, mambo inaenda polepole, juu mara nyingi mwenye biashara lazima akubali ndio irudishwe. Kwa Pochi la Biashara ni hivyo hivyo, na hiyo ilitengenezwa makusudi. Shika hapo, tutairudia tukifika kwa mbuzi.

Sasa geuza hii kitu. Namba ngeni inakupigia: "Boss, nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali nirudishie, mtoto yuko hospitali." Unacheki simu, kweli kuna meseji ya 3,500. Hapa ndio wengi huanguka, juu roho nzuri inafanya kazi haraka kuliko macho. Cheki balance kabla ya kitu kingine chochote. Meseji ya kweli hutoka kwa jina MPESA, si kwa namba ya 07 ama 01. Na hata kama pesa imeingia kweli, usiitume wewe. Mwambie afowadi meseji yake kwa 456 kama watu wengine. Kama ni mtu mwenye alikosea, atashukuru na kukata simu. Kama ni mkora, ataanza matusi, na hapo umejua. Ujanja wao ni kwamba unamtumia kwa mkono wako, halafu yeye anaitisha ile yake irudishwe pia. Umelipa mara mbili.

Kuna kitu kimoja watu wachache wanajua kuhusu hizo meseji. Ile kodi ya herufi na namba kumi inayoanza kila meseji ya M-Pesa huwa na tarehe ndani yake. Herufi ya kwanza ni mwaka: 2023 ilikuwa R, 2024 ikawa S, 2025 ikawa T, na inaendelea hivyo na alfabeti. Ya pili ni mwezi, A ni Januari mpaka L ambayo ni Disemba. Ya tatu ni siku: 1 mpaka 9 ziko vile zilivyo, halafu 10 inakuwa A, 11 inakuwa B, mpaka V ambayo ni 31. Kwa hivyo kodi inayoanza na TEK ni ya tarehe 20 Mei 2025. Ukionyeshwa meseji ya "leo" na kodi inasema ni ya mwezi uliopita, huyo msee ameokota meseji ya zamani akabadilisha jina na pesa. Lakini usifanye hii iwe dini. Mkora mwenye amechanuka pia anajua kuhesabu. Balance ndio haidanganyi.

Mbuzi wa Bissil na pesa iliyorudi

Hii naiweka peke yake juu inaumiza watu ambao hawana ya kupoteza. Mzee ametoa mbuzi wanne kutoka boma, ametembea nao mpaka sokoni. Mnunuzi amekuja na pick-up, ameelewana bei, ametuma doo, meseji imeingia. Mbuzi wanapakiwa. Pick-up ikishafika lami, mnunuzi anafowadi ile meseji kwa 456 akidai alituma kimakosa. Mzee akienda kutoa karo ya mtoto, anapata pesa haipo, ama imeshikiliwa. Na mara nyingine hata haikuwa pesa. Ilikuwa meseji feki ya kutengenezwa na apu, na mzee hakuwa na miwani.

Kama una mathe, buda ama shosh anauza mifugo, kaa chini naye jioni moja mpange hivi. Alipwe kwa Till ama Pochi, si kwa laini ya kawaida, juu huko mnunuzi hawezi kujirudishia pesa bila mwenye kuuza kukubali. Acheki balance kabla mbuzi hajapanda gari. Na kama ni doo kubwa, kuna ajenti hapo hapo sokoni: atoe ama aweke benki kabla mnunuzi hajaondoka. Mnunuzi genuine anaweza kungoja dakika tano. Mwenye anasukuma sukuma, wacha aende na pick-up yake tupu.

Kama doo imeshikiliwa tayari, mzee apige 100 siku hiyo hiyo, aseme hakubali hiyo riversal, na aeleze aliuza nini, wapi, saa ngapi. Kama kuna shahidi wa soko, jina lake liandikwe. Namba ya pick-up pia.

Netiwaki ikipotea ghafla

Uko keja, jirani ana netiwaki, wewe huna. Umezima simu ukawasha, bado. Watu hudhani ni Safaricom wamelala. Inaweza kuwa hivyo. Lakini inaweza kuwa kuna mtu mahali amebadilisha laini yako kwa kadi nyingine, na saa hii anapokea meseji zako. Hiyo ndio SIM swap, na kama umewahi kusoma habari za DCI unajua jina Mulot, kule mpakani mwa Bomet na Narok, ambako makarao wamevamia mara nyingi wakitafuta wataalamu wa hii kazi. Mtu akiwa Mulot hahitaji kukuona. Anahitaji namba yako ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, na pini. Hizo tatu wewe huzitoa kidogo kidogo: moja kwa fomu ya kazi feki, moja kwa "promosheni umeshinda", ya mwisho kwa simu ya mtu mpole anayejiita kastoma kea.

Ikikufika, shika simu ya jirani mwenye laini ya Safaricom na upige 100 hapo hapo. Waambie wafunge laini na M-Pesa. Usingoje kesho ufike dukani. Tangu Agosti 2023 mtu anaweza kutuma mpaka 250,000 kwa mara moja na 500,000 kwa siku, kwa hivyo kama ulikuwa umeweka akiba ya ploti kwa M-Pesa, yote inaweza kutoka kabla kiberiti hakijazima. Ukimaliza hiyo simu, pigia benki yako. Apu ya benki na M-Pesa zimeshikana mikono, na mwenye ana laini yako anapokea OTP za benki pia. Halafu imeli. Halafu PayPal. Kwa mpangilio huo.

Kabla hujafikwa, kuna vitu vitatu unaeza fanya ukiwa kwa mathree ya kwenda tao, na havilipishwi. Piga *100*100# ufunge laini yako isibadilishwe na ajenti yeyote huko nje. Baada ya hapo ukitaka kuibadilisha, unaenda mwenyewe kwa Safaricom na kitambulisho. Piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa na kitambulisho chako. Ukipata namba hujawahi kuiona, iripoti itolewe, juu laini kama hiyo ndio hupokea doo ya wizi na siku ya siku karao wanatafuta jina lako. Cha tatu, weka pini ya SIM kwenye settings za simu. Simu ikinyakwa hapo steji usiku, mwizi akiiweka laini kwa simu yake inamuuliza pini.

Kitu ingine: kupokea pesa hakuhitaji pini. Kamwe. Ukiona ile skrini imeruka kwa simu yako inasema weka pini, soma yote kabla ya kidole kusonga. Mkora anaweza kuisukuma kutoka kwa laptop yake huku anakwambia kwa simu "weka pini upokee zawadi." Ile skrini ni ya kulipa, na jina la mwenye analipwa huwa limeandikwa hapo.

Kadi na PayPal, hapa ndipo mahasla wa online huliwa

Huu wizi hauji na kelele. Unakuja na senti. Unaona dola moja imekatwa, unasema ah, hiyo ni mambo ya exchange rate. Hapana. Mara nyingi hiyo dola moja ni mtu anajaribu kama kadi iko hai. Ikipita, usiku unaofuata wanarudi na dola mia mbili. Kwa hivyo dola moja hujui imeenda wapi ni emajensi.

Anza na kufunga mlango. Kama ni kadi ya benki, apu nyingi za benki zina mahali pa kuifriza mwenyewe. Kama haina, piga simu benki waifunge na wakutengenezee ingine yenye namba tofauti. Kama ni kadi ya M-Pesa GlobalPay, ile ya Visa iliyokuja 2022, ingia kwa *334# ama kwa apu uisimamishe. Hii GlobalPay naipenda kwa sababu moja: namba yake ya usalama unaiomba wakati wa kulipa na inaisha nguvu baada ya muda mfupi, kwa hivyo mtu akiiba namba za kadi leo, kesho hana kitu. Kwa website ambayo huiamini sana, tumia hiyo badala ya kadi ya benki yenye mshahara wako wote.

Kwa PayPal, badilisha paswadi kwanza, halafu utoke kwa simu na kompyuta zote, hasa zile za saiba. Kisha uende kwenye settings, sehemu ya malipo ya otomatiki, uangalie ni kampuni gani ulizipa ruhusa ya kukukata. Utashangaa. Kuna ile "jaribu bure siku saba" ya mwaka juzi, bado iko. Na hapa lazima tuambiane ukweli: nusu ya vitu watu huita wizi ni sabskripsheni walizosahau. Hiyo si fraud. Unaikata, unaandikia kampuni, unaomba wakurudishie, na wakikataa umelipa. Ukiidai kama wizi na si wizi, siku ukiibiwa kweli hakuna mtu atakuskiza.

Lakini kama ni wizi, fungua ripoti hapo hapo ndani ya PayPal, kwa ile sehemu yao inayoitwa Resolution Center, na uchague kwamba hukuidhinisha hayo malipo. Kama ulinunua kitu na hakikufika, kwa kawaida una siku 180 tangu ulipe kufungua kesi. Baada ya kuifungua una siku 20 za kuipandisha iwe dai kamili. Ukilala, inajifunga yenyewe na huwezi kuifungua tena. Hapo ndipo watu hupoteza kesi ambayo walikuwa wanashinda. Muuzaji anakuambia "ngoja wiki moja, tunashughulikia," unangoja, wiki inakuwa tatu.

Na kama muuzaji alikuambia umtumie kwa njia ya marafiki na familia ndio kusiwe na ada, pole. Hiyo njia haina ulinzi wa mnunuzi. Ndio maana alikuambia.

Benki nayo ina njia yake, inaitwa chajibaki. Unajaza fomu ya kupinga malipo, benki inaipeleka kwa Visa ama Mastercard, na kampuni iliyokukata inatakiwa ijitetee. Kwa kesi nyingi dirisha huwa siku 120, lakini usikae mpaka ya 119. Angalia kitu kimoja: kama hiyo kadi iko ndani ya PayPal, usifungue kesi PayPal na chajibaki benki kwa malipo yale yale. Ukianza chajibaki, PayPal wanafunga kesi yao. Chagua moja. Mimi ningeanza na PayPal kama ni muuzaji, na benki kama kadi yenyewe imeibwa.

Ukiwa huko, hamisha ulinzi wa PayPal na imeli kutoka meseji za simu hadi apu ya kutoa kodi. Kama kila kitu kinategemea laini moja, mtu akiiteka hiyo laini amekuteka wewe mzima.

Deni ambalo hukukopa

Wakora wakiwa na laini yako hawaishii kwa balance. Wanavuta Fuliza mpaka mwisho, wanakopa M-Shwari, wanakopa KCB M-Pesa, wanamaliza na zile apu za mikopo. Unarudishiwa laini, unapata uko negative. Hii lazima uipinge kwa maandishi kwa kila mkopeshaji, na namba ya OB, mapema, juu deni likikaa linapelekwa kwa CRB. Ukishapelekwa huko, una haki ya kupinga hiyo rekodi. Ofisi ni tatu, TransUnion, Metropol na Creditinfo, na unaeza kuanza kucheki Metropol kwa *433#. Kijana wa miaka 23 mwenye jina chafu CRB kwa pesa hakula, akienda kutafuta lon ya nduthi baadaye, ndio atajua uzito wake.

Kwa karao, na faili mkononi

Watu wengi Kite hawaendi polisi juu wanasema "ni pesa kidogo, watanicheka." Nenda. Hata kama pesa hairudi, OB ndio karatasi ambayo benki, PayPal na CRB wanaelewa. Kuandikisha OB ni bure. Mtu akikuitisha ya chai, hiyo ni stori ingine. Anza na stesheni ya Kitengela ama iliyo karibu na wewe, halafu uulize ofisi ya DCI ya eneo lako. Kama uko upande wa Kajiado town ama Bissil, fanya hivyo hivyo huko. Kuna pia laini ya bure ya DCI, 0800 722 203.

Usiende mikono mitupu. Afisa akiona mtu anasema tu "nimeibiwa M-Pesa," anaandika mistari miwili. Akiona mtu ana stetimenti imeprintiwa, ile unaitoa kwa apu ya M-Pesa ama *334#, na amezungushia malipo yale ya wizi na kalamu, kodi za malipo, namba iliyopigia, saa, skrinshoti za chati, hapo ana kitu cha kufanyia kazi. Ili kujua mwenye ile laini, wapelelezi hupitia korti kuomba rekodi kwa Safaricom, na korti haipewi hisia, inapewa tarehe na namba. Usifute chati hata kama zinakuaibisha. Wapelelezi wameona mabaya zaidi.

Sheria yenyewe ipo. Ile ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 iliweka faini ya mpaka 300,000 ama kifungo cha mpaka miaka mitatu, ama vyote viwili, kwa mtu anayetengeneza website ama kutuma meseji ya kukuhadaa utoe siri zako. Kwa ulaghai wa kompyuta iliweka mpaka milioni 20 ama miaka 10. Kama benki ama kampuni ya malipo imekuzungusha bila jibu, unaeza kupeleka malalamishi kwa Benki Kuu ya Kenya, kwa maandishi, ukiwa umeambatanisha yale mliyoandikiana.

Wa pili anakuja baada ya wa kwanza

Ukishaandika kwa Facebook ama X kwamba umeibiwa, ndani ya saa moja kuna akaunti itakuingilia kwa inbox. Ana picha ya mzungu na laptop, ama nembo ya DCI. Anasema amesaidia watu wengi, anaeza kurudisha pesa yako leo, unatuma tu "ada ya kufungua faili" ya 1,500. Huyo ni mkora, na mara nyingi ni wa genge lile lile. Wanajua tayari una uchungu na una haraka. Hao wa "kuongeza limit ya Fuliza" pia wako kwa kundi hili: hakuna mtu wa Facebook anaweza kukuongezea Fuliza, na hakuna ada ya hiyo kitu.

Safaricom wakikupigia, namba yao ni 0722 000 000 na hawatakuuliza pini. Namba ingine yoyote ikijifanya ni wao, kata, uifowadi kwa 333, ni bure. Halafu rudi kwa ile faili yako uongeze mstari: namba, tarehe, saa, alisema nini. Ukirudi kwa yule afisa na namba ya pili kwa karatasi, umempa mahali pengine pa kuanzia.